Namba Tisa Iko Kazini

Kujua kama Papa Moniteri yuko nyumbani hakukuhitaji kubisha hodi. Ulisimama barabarani ukatega sikio. Ukisikia chuma kinalia tiii, mlio mrefu kama wa kengele ndogo ya misa, basi yumo ndani, anapima fimbo zake za Kijapani kwa kuzigonga na ufunguo wa mlango. Ukisikia tak, mlio mfupi kama wa sufuria tupu, yumo pia, ila sasa anapima zile za Amerika, na uso wake ni wa mtu anayeonja mchuzi wa jirani akitafuta kosa.

Moniteri kwetu ni mwalimu wa mchezo. Miji mingine ilikuwa na moniteri wa mpira wa miguu, au wa judo. Sisi Kisangani, katikati ya vita, majeshi ya watu yakipishana mjini kama wateja sokoni, tulikuwa na moniteri wa gofu. Nikiwasimulia watu wa Kinshasa wananiuliza siku hizo nilikuwa nakunywa lotoko ya nani. Sikuwa nakunywa. Mchana nilibeba marobota ya vitenge kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, jioni nilisoma shule ya watu wazima, na njia ya kutoka dukani hadi darasani ilikatiza uwanja wa gofu, upande wa mto Tshopo. Kukatiza uwanja ule bila kusimama, kwa Papa Moniteri, lilikuwa tusi.

“We etudiant,” aliniita siku ya kwanza, “unakatisha hapa kama mbuzi. Kuya, shika hii.”

Ndivyo nilivyojifunza gofu: kwa kushindwa kupita.

Alikuwa mtu mfupi, kifua mbele, mwenye glavu moja nyeupe mkono wa kushoto. Glavu ile ilifuliwa mara nyingi hadi ikawa na matundu mengi kuliko ngozi, lakini hakuivua, hata akila, hata akipokea komunyo, padri akimtazama. Alitembea uwanjani taratibu, mikono nyuma, akiwatikisia kichwa watu ambao hawakuwepo. Wachezaji wake, wazungu wa makampuni na wakubwa wa serikali, walikuwa wameondoka mmoja mmoja kupitia uwanja wa ndege wa Bangboka tangu minong'ono ya kwanza ya vita. Yeye aliendelea kufungua uwanja kila asubuhi. Kufungua kwenyewe kulikuwa kuondoa kamba aliyoifunga mwenyewe jana yake kati ya nguzo mbili, maana ukuta haukuwepo.

Sasa nieleze fimbo, kwa sababu bila fimbo hakuna Papa Moniteri.

Alikuwa na mifuko miwili. Wa kwanza ulikuwa wa fimbo za Amerika, zilizoachwa na mzungu wa kampuni ya mbao: vichwa vinene, vimetobolewa mgongoni kama kijiko. Wa pili ulikuwa wa fimbo za Kijapani. Mhandisi mmoja Mjapani alikuja kuangalia mitambo, akacheza hapo miezi kadhaa, na siku ya kuondoka kule Bangboka ndege ikawa ndogo kuliko mizigo yake. Akamwachia Papa Moniteri mfuko mzima, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa Kifaransa chake cha shida kwamba asizipigie mpira zikachakaa. Autunze kamili kwa mchezaji wa kwanza atakayetoka ng'ambo. Fimbo kumi na nne, hakuna pengo. Papa Moniteri alikubali mbele ya marubani. Kwake kukubali mbele ya marubani kulikuwa sawa na kukubali altareni.

Basi miaka yote ya vita alikuwa na kazi moja: mchezaji wa ng'ambo akija, akute seti kamili. Chakula kilikuwa kazi ya mke wake.

Hukumu yake juu ya fimbo hizo tuliijua kwa moyo. Fimbo ya Kijapani, alisema, imefuliwa kwa nyundo, halafu mzee mmoja ameketi akaisugua mpaka mke wake akasahau sura yake. Ya Amerika imemiminwa kwenye kalibu kama uji, zikatoka elfu kabla ya saa sita mchana. Mfanyabiashara wangu wa Butembo hakukubali. Alikuwa amefika hadi Dubai, ameona fimbo zinazong'aa zaidi ya meno ya bibi harusi, na Jumapili baada ya misa alikuja uwanjani na viatu vyake vya misa ili tu wabishane.

“Batu ba ng'ambo banapenda ya Japani juu iko inasema ukweli,” Papa Moniteri alianza. “Ukipiga mubaya na ya Amerika, mpira inaruka tu muzuri, na we unafikiri uko bingwa. Ya Japani ukipiga mubaya, mikono inauma mpaka ku bega. Inakuambia: mutu wangu, ulikosea.”

“Bon. Donc mutu atoke Ulaya, apande ndege, akuye Kisangani, ili fimbo imutukane?”

“Patron, ule mutu, ku nyumba bibi anamusamehe, ku kazi banamusamehe, hata gari yake inamusamehe. Anachoka. Anatafuta kitu moja yenye haimudanganye.”

“Mi bibi yangu hajanisamehe hata siku moja.”

“Njo maana we unapenda ya Amerika.”

Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Mfanyabiashara naye alicheka, lakini Jumapili iliyofuata alirudi na hoja mpya: kwamba watu wa ng'ambo wanapenda cha Kijapani kwa sababu tu ni ghali na hakipatikani, kama vile sisi tunavyopenda tufaa. Papa Moniteri alimpa fimbo ya Amerika apige, halafu kwa mara moja tu, kwa heshima ya Jumapili, akamruhusu aguse ya Kijapani kwa kidole. Kugusa tu. Kupiga hapana.

Na hapo ndipo penye ajabu ya mtu huyu. Aliyezihubiri fimbo za Kijapani kuliko katekista anavyohubiri toba, yeye mwenyewe hakuwahi kupiga nazo mpira. Alicheza na za Amerika, zile za uji. Nilidhani ni kwa sababu ya ahadi. Siku moja nikamuuliza, ahadi ikiisha atachukua ipi? Akatazama glavu yake.

“Mi, etudiant? Ya Amerika. Mi ni mukosaji. Nahitaji kusamehewa.”

Kulikuwa na mengine yasiyopatana. Alitaka kimya kabisa mtu anapopiga; akipiga mfanyabiashara, yeye mwenyewe ndiye aliyekohoa. Alisema gofu ni mchezo wa watu wastaarabu, na hapohapo aliwahi kumfukuza jogoo kuzunguka uwanja mzima akimtukana kwa Lingala, Swahili na Kifaransa, hadi jogoo akajitupa mtoni. Jogoo alikuwa na kisa chake. Kando ya mashimo yetu hakukuwa na majani laini kama kwenye picha. Ulikuwa mchanga uliopakwa mafuta machafu ya injini ili upepo usiupeperushe. Vita vilipokuja mafuta ya injini yakawa ya wenye magari ya kijeshi, basi Papa Moniteri akapaka mchanga mashapo ya mafuta ya mawese. Siafu wa jimbo zima la Tshopo walipata habari. Kuku wakafuata siafu. Nimeona kwa macho yangu mpira ukibebwa na siafu ukitembea polepole kutoka shimoni, na yeye akaamua kwamba unahesabiwa umeingia.

Mfuko wa Kijapani hakuuacha nyumbani kamwe. Usiku ulilala kitandani upande wa ukutani. Mke wake, Mama Moniteri kama tulivyomwita, mwanamke mrefu wa watu wa mto, wa kule Yanonge, alikuwa akitangaza jambo hilo kwa kila mgeni: “Batu banaoa bibi mbili. Mi yangu alioa kumi na ine, na bote bako chuma.” Mchana mfuko ulisafiri naye kwa toleka, akiwa amekaa nyuma ya baiskeli, mfuko begani umechomoza juu kama silaha ya kutungulia ndege. Ndivyo askari wa kizuizi walivyouona pia.

“Shuka. Hiyo ni roketi?”

“Hapana, chef. Ni mchezo.”

“Mchezo gani una bomba namna hii?”

Mwendesha toleka alishakimbia, na baiskeli akaiacha. Papa Moniteri akaomba ruhusa, akachomoa fimbo moja ya Amerika aliyokuwa nayo kando, akaweka mpira katikati ya barabara, akamwambia yule askari aweke bunduki chini apige. Askari akapiga vibaya sana, nusu ardhi nusu mpira. Mpira ukapaa, ukapita paa la shule, ukapotea. Yule kijana akatabasamu mara ya kwanza pengine tangu aondoke kwao. Wakamwacha apite, na kwa wiki nyingi kila alipopita pale ilibidi ampe somo. Nilimuuliza kwa nini hakumpa ya Kijapani yenye ukweli. Akanitazama kama mtu anayepoteza imani na elimu ya jioni.

“Mutu mwenye bunduki, unamupa ile yenye inasamehe.”

Uwanja nao ulibadilika. Kabla ya vita palikuwa majani tu. Barabara za mashariki zilipokatika na meli zikaacha kupanda kutoka Kinshasa, akina mama walianza kulima muhogo kando ya njia za mpira, kisha katikati. Papa Moniteri angewafukuza, ila wa kwanza kulima alikuwa mke wake, na kilichovunwa pale ndicho kilichoingia katika sahani yake, pamoja na ya ndugu waliovuka kutoka Lubunga, upande wa pili wa mto mkubwa, na wasirudi. Hivyo alitunga sheria, akaitangaza kwa sauti ya bunge: mpira ukianguka katika muhogo wa mtu, mchezaji hauchezi mpaka amepalilia shina lile ulipolala. Kwanza unasalimu, unapewa jembe, unang'oa majani kuzunguka shina, mwenye shamba anasema “inatosha”, halafu unapiga. Wachezaji tulikuwa mimi, mfanyabiashara, na kaimu mkuu wa posta ambaye hakuwa na barua za kupanga. Mfanyabiashara alipiga vibaya kiasi kwamba mama fulani alimwomba aje kila Jumapili.

Halafu majeshi mawili ya kigeni yakapigana katikati ya mji wetu. Siku zile sitazipamba. Watu walilala chini ya vitanda, na waliokufa ni wengi. Papa Moniteri alilala chini ya kitanda na mke wake upande huu, mfuko upande ule. Milio ilipotulia alitoka kwenda kuangalia uwanja, akakuta mashimo mapya ya mabomu. Hakufanya mzaha juu ya mashimo yale, na aliyefanya mzaha mbele yake alinyamazishwa kwa mkono wenye glavu.

Baada ya hapo ndipo jembe lilipoisha.

Nasema lilipoisha kwa sababu halikuvunjika. Lililika. Jembe la Mama Moniteri lilichimba hadi likabaki kama ulimi wa mbuzi, na mjini kulikuwa hakuna lingine. Stoo ya mfanyabiashara mwenyewe ilikuwa na panya na vibandiko vya bei. Majani yaliufunika muhogo. Nilikuwapo siku Mama aliposimama mlangoni, kile kipande mkononi.

“Papa. Uko na chuma kumi na ine ku kitanda, na mi nachimba na kidole.”

“Ile ya mugeni, Mama. Nilisema ku Bangboka mbele ya ba pilote.”

“Ba pilote banakula wapi leo?”

 Papa Moniteri alichukua mfuko wa Amerika, na wa Kijapani pia kwa sababu hakuwahi kuuacha, akanifanyia ishara nimfuate. Tulivuka kwa pirogi hadi Lubunga, kwa mfua vyuma aliyefanya kazi juu ya kipande cha reli. Papa Moniteri akampa namba tisa ya Amerika, fimbo ya kupandisha mpira juu: iwe jembe la kupalilia. Mfua vyuma akaipasha moto hadi ikawa nyekundu, akapiga nyundo ya kwanza, ya pili. Ikapasuka vipande, kimoja kikaruka karibu na goti langu.

“Hii walimimina,” alisema mfua vyuma. “Haijui nyundo. Haijakutana nayo hata siku moja.”

Uso wa Papa Moniteri siku ile ulikuwa wa mtu aliyeshinda ubishi wa miaka yote na kutamani angeshindwa. Maana sasa alijua, na sote tulijua, ni ipi ingekubali. Alifungua mfuko wa Kijapani. Akachomoa namba tisa, akaigonga na ufunguo, tiii, akasubiri mlio uishe wenyewe. Halafu akampa.

“Ku shingo usigonge,” alisema. “Pale kuko maandishi ya mwenyewe. Na hii kulala ya uso wake, acha vile iko.”

“Papa, jembe haina kulala.”

“Hii itakuwa nayo.”

Chuma kile kikaenda chini ya nyundo kama unga wa fufu chini ya mkono. Kikapanuka, kikawa chembamba, hakikulalamika. “Hii ilizaliwa na nyundo,” mfua vyuma akasema, na kwa sauti ya chini, kama anayezungumza kanisani: “Inaikumbuka.” Akakirudishia mpini wake wa chuma na kishikio chake cha mpira. Likatoka jembe ambalo mji wowote duniani haujawahi kuliona: refu, jepesi, uso umelala nyuma kidogo, na shingoni herufi za Kijapani ambazo hakuna kati yetu aliyeweza kuzisoma.

Wakati wa kurudi, katikati ya mto, Papa Moniteri alikaa amelikumbatia. Mimi nilitazama maji.

Mama aliliingiza ardhini jioni ileile, akasema halimuumizi mgongo. Likawa jembe la wote. Akina mama walilipokezana. Muhogo ukapona, nyumba ile ikala. Mfanyabiashara alipopata habari alikuja Jumapili, akahesabu fimbo mfukoni kwa kidole.

“Kumi na tatu, Papa Moniteri. Mugeni wako akikuya, atacheka.”

“Kumi na ine.”

“Hesabu mwenyewe.”

“Kumi na ine, patron. Namba tisa iko kazini.”

Lakini usiku, Mama alituambia, alikuwa akipitisha mkono juu ya mfuko gizani na kusimama kwenye lile pengo.

Miaka ilipita. Mimi nilipata diploma yangu, nikaondoka na mfanyabiashara kwenda kufungua duka jingine. Tuliporudi vita vilikuwa vimekwisha, meli zimeanza tena kupiga honi bandarini, na Papa Moniteri alikuwa amezeeka ghafla, anatembea akijishikilia kwenye mfuko. Tulimkuta uwanjani. Na huko uwanjani, sitaki mtu aniambie naongeza chumvi, alikuwa amesimama mgeni kutoka ng'ambo. Mskoti, mjenzi wa madaraja, mrefu, masikio mekundu kama pilipili. Alikuwa amesikia sokoni kwamba kuna mzee mwenye fimbo.

Papa Moniteri alifungua mfuko wa Kijapani kama anayefungua tabernakulo. Mskoti alichomoa moja, akaipima mkononi, akageuza uso wake kwenye mwanga. Kisha akasema kwa Kifaransa kibovu kuliko changu kwamba kwao watu huzitafuta hizi maisha yao yote. Papa Moniteri hakumtazama mfanyabiashara. Hakuhitaji.

Wakacheza. Mskoti na za ukweli, Papa Moniteri na zile zilizobaki za kusamehe, sisi nyuma. Shimo baada ya shimo mgeni alichomoa fimbo na kuirudisha, na kila alipokaribia lile pengo Papa Moniteri alikaza mwendo, akasimulia jambo lolote, siafu, jogoo. Shimo la mwisho, Mskoti akapiga upande, mpira ukaingia katika muhogo wa Mama Moniteri. Akasogea, akapima kwa macho umbali hadi kwenye mchanga wa mafuta, akanyoosha mkono mfukoni.

“Namba tisa,” alisema. Akapapasa. Akahesabu. “Namba tisa haipo.”

Mfanyabiashara akaangalia viatu vyake. Nilimwona Papa Moniteri akivua glavu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Majani ya muhogo yakafunguka, akatoka Mama, jasho usoni, jembe mkononi.

“Mugeni asalimu kwanza,” alisema. “Mpira iko ku shina yangu.”

Papa Moniteri akamgeukia mgeni. Akamweleza sheria ya uwanja, yote, hadi pale mwenye shamba anaposema inatosha. Akachukua jembe kwa Mama, akalifuta udongo kwa ile glavu, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

“Voilà. Namba tisa.”

Mskoti alilipokea. Akaona kishikio cha mpira. Akashuka na kidole hadi shingoni, akakuta herufi, akachomoa namba nane, akazilinganisha.  Halafu akamwinamia Mama, akasema “Jambo, Mama”, akapalilia shina lile, na akapalilia vizuri, hata la pembeni ambalo hakudaiwa.

“Inatosha,” alisema Mama.

Lakini hakurudisha jembe. Alitazama ule uso uliolala nyuma, akapanga miguu, sote tukanyamaza bila kuambiwa, akapiga. Mpira ukapanda juu ya majani ya muhogo, mwepesi, ukaenda kuanguka kwenye mchanga. Wanaonijua wanasubiri niseme uliingia. Haukuingia. Ulisimama hatua chache kabla ya shimo, siafu wakaanza kuukagua.

“Seti kamili,” alisema Mskoti, akimpa mkono Papa Moniteri.

Papa Moniteri alishikilia ule mkono kwa mikono yake yote miwili, wa kushoto ukiwa mtupu, mweupe kama wa mtoto. Kisha akamgeukia mfanyabiashara.

“Hesabu, patron.”

“Kumi na ine,” alisema mfanyabiashara.

Mgeni akataka kuliweka jembe mfukoni, mahali pake. Mama akalishika katikati, kwa upole, akalichukua.

“Nyinyi mumalize mchezo,” alisema. “Mi niko na mistari mbili bado.”

Akaingia tena kwenye muhogo, na tukamsikia humo ndani, chuma kikigusa jiwe: tiii.